Kimya cha Nusu Dakika

Jioni ile nilitoka nje kuanua mablanketi.

Si mablanketi ya kujifunikia. Ni ya ukutani. Studio yangu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao wenye dirisha la kioo. Upande huu kuna meza, kompyuta na spika mbili. Upande ule ni chumba cha maiki, kidogo kama choo, kimebandikwa trei za mayai na kutundikwa mablanketi mazito ili sauti isirukeruke. Waimbaji hutoka jasho sana mle ndani. Nisipoyaanika kila wiki, mteja ataimba huku ameshika pua.

Nafanya kazi peke yangu. Kaka yangu ndiye aliyeianzisha studio. Alinifundisha kila kitu nikiwa na mimba, kisha akapata kazi mbali, akaniachia ufunguo. Mimi niliishia shule ya msingi. Wateja wapya huingia, wakaangaza huku na huku, wakauliza fundi yuko wapi. Mimi huwajibu kwamba fundi alikwenda kujifungua na amesharudi. Wakicheka, kazi huwa nyepesi.

Huyo mtoto niliyejifungua sasa ana miaka miwili na nusu, ni wa kike, na hushinda kwenye godoro dogo chini ya meza yangu kwa kuwa sina wa kumwachia. Tunamwita Kasuku. Huongea tangu anapofumbua macho: na feni, na viatu vyake, na nzi. Nikitaka kurekodi humwekea kidole mdomoni, naye hunong'ona, "Nimenyamaza, mama." Kisha anarudia kwamba amenyamaza. Kisha tena. Mpaka mteja anacheka na sote tunaanza upya.

Kaka aliniachia kanuni moja ambayo sikuwahi kuivunja. Kabla mteja hajaingia kwenye chumba cha maiki, rekodi chumba kitupu kwa nusu dakika. Kila chumba kina mngurumo wake hata ukidhani kiko kimya: feni ya jirani, nyaya za umeme, upepo wa chini ya mlango. Ukishaunasa, kompyuta inaweza kuuondoa chini ya sauti ya mteja, ikabaki sauti safi. Faili hilo huliita KIMYA. Limo katika kila kazi niliyowahi kufanya.

Basi nilivuta blanketi la kwanza kutoka kwenye kamba. Upande wa pili, mtu alikuwa ameshalishika.

Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, amejitanda mtandio wa kijani wenye pindo jeupe. Alikuwa anatabasamu. Nilimwamkia shikamoo, akainamisha kichwa tu. Tukakunja pamoja, ncha kwa ncha, blanketi la kwanza, la pili, mpaka la nne, na kila mara alilainisha mikunjo kwa kiganja kama anayekunja nguo za mtoto mchanga. Nilimshukuru kila mara. Kila mara aliinamisha kichwa.

Kulikuwa na harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Mvua haikuwa imenyesha kwa mwezi mzima.

Alibeba mablanketi mawili, mimi mawili, akanifuata ndani. Akanyoosha kidole kwenye maiki nyuma ya kioo, kisha akagusa midomo yake. Nikadhani pumzi zimemwishia kwa mzigo. Nilitaka kumwambia nafunga, arudi kesho. Lakini mtu aliyekubebea mablanketi unamfukuzaje?

Chini ya meza, Kasuku alikuwa anasinzia huku akibembeleza kiatu chake kilichofunguka kamba. Kiatu, lala. Kiatu, lala. Yule bibi akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, taratibu, goti moja kisha lingine. Akamvalisha kiatu. Akafunga kamba, akafunga fundo la pili juu ya la kwanza, halafu akapitisha kidole chini yake kuhakikisha halibani.

Moyo wangu uliyeyuka. Watu wazima wengi humruka mwanangu kama ndoo iliyosahaulika njiani.

Kisha akavua mtandio wake, akamfunika nao mpaka puani.

Kasuku akanyamaza hapo hapo. Hakurudia mara tatu. Hakusema hata mara moja.

"Amelala," bibi alinong'ona.

Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kutoka kwake. Sauti ilikuwa nyembamba, laini, haikulingana na ule uso. Niliona nimeisikia mahali. Sikupata muda wa kufikiri ni wapi, maana nilikuwa natundika mablanketi, na nilipomaliza na kurudi mezani, nilimwona nyuma ya kioo. Ameshaingia. Ameshafunga mlango. Amesimama mbele ya maiki, mikono pembeni, ananitazama.

Nilipaswa kumtoa. Kanuni ni chumba kitupu. Lakini niliona haya kumsumbua mzee aliyempigia magoti mwanangu, nikajiambia nusu dakika si kitu, asitikisike tu. Nikavaa hedifoni. Nikarekodi KIMYA naye akiwa ndani.

Mtu akisimama mbele ya maiki, hata awe ameganda, anasikika. Anapumua. Anameza mate. Nguo inasugua. Mstari wa sauti kwenye kompyuta huchezacheza kama sisimizi anayetembea.

Mstari ule haukucheza.

Ulilala, umenyooka kabisa. Hata feni haikusikika, hata nyaya. Nikaangalia waya wa maiki, ulikuwa sawa. Nikatazama juu. Bibi alikuwa bado ananitazama, na kioo mbele ya mdomo wake, karibu namna ile, hakikuwa na ukungu wa pumzi.

Kisha akaanza kuimba.

Kupitia kioo niliona midomo ya kizee ikifunguka na kufunga. Kwenye hedifoni, masikioni mwangu, nilimsikia mwanangu.

Kiatu, lala. Feni, lala. Nzi, lala.

Ilikuwa sauti ya Kasuku, na kile kikwazo chake kwenye herufi ya L, na ile pumzi ya haraka katikati ya maneno. Ila Kasuku hajui wimbo wowote mpaka mwisho. Huyu alijua. Wimbo uliendelea, ukaingia kwenye maneno ambayo mtoto wa miaka miwili hana. Mlango, lala. Jembe, lala. Na wewe uliyenyamaza miaka yote… lala.

Nikainama kutazama chini ya meza.

Kasuku hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi na yamejaa machozi. Niliuvuta ule mtandio usoni mwake. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, kifua kinapanda na kushuka, anajikaza kwa kilio kama mtoto aliyeanguka.

Hakuna kilichotoka.

Nilimbeba. Nikampigapiga mgongoni, nikampulizia usoni, nikamwita. Alinishika shati kwa ngumi mbili na kunililia kimya kimya. Nyuma yangu mlango wa chumba cha maiki ulifunguka, na ile harufu ya udongo ikaja.

"Nipe yangu," ilisema sauti ya mwanangu, mgongoni kwangu.

Niligeuka. Hakuwa na uso wa ukali. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Alimtazama Kasuku kwa huruma, akamfuta machozi kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa baridi kiasi kwamba mtoto alijificha shingoni mwangu.

"Haumwi," alisema. "Atazoea. Mimi nilizoea."

Kisha akanikumbusha kazi yangu. Mteja huondoka na wimbo wake kwenye flashi, na akitaka, nakala yangu naifuta mbele yake. Alitaka. Aliyasema hayo yote kwa sauti ya mtoto, taratibu, kama aliyekuwa anaonja kila neno.

Nikakaa. Kasuku kwenye paja, mkono mmoja kwenye kipanya. Mafaili yalikuwa mawili, moja chini ya jingine. Moja lilikuwa wimbo. Jingine lilikuwa KIMYA.

Bibi alikuwa anaangalia vidole vyangu. Haangalii maandishi. Nikaelewa kwamba hajui kusoma, na katika hofu ile ile nikamwonea huruma, kisha nikaiweka huruma pembeni.

Nikavuta KIMYA, nikakiweka kwenye flashi.

Lile la wimbo nililitupia kwenye folda nyingine. Likatoweka mbele ya macho yake. Nikamwambia nimefuta.

"Niusikie kwanza," alisema.

Nikamwambia maneno ambayo kaka huwaambia wateja wenye haraka, kwamba masikio yaliyotoka kuimba hayahukumu, kazi husikilizwa kesho yake. Nilisema nikimtazama usoni. Kasuku alikuwa amenishika shati vilevile.

Bibi alifikiri kidogo. Kisha akaipokea flashi kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu alichokingoja maisha yake yote.

"Ahsante, mama," alisema.

Akatoka. Sikusikia hatua.

Nilifunga komeo. Nikalitafuta lile faili, nikamweka Kasuku mezani mbele ya spika, nikalifungulia. Kiatu, lala. Feni, lala. Alikuwa anatazama spika bila kupepesa. Ulipofika ubeti wa pili, midomo yake ikaanza kufuata. Ulipofika ubeti wa mwisho, sauti kwenye spika ilikuwa inafifia, na mstari wa kompyuta ulikuwa unajinyoosha kuanzia mwanzo, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo.

Ukanyooka wote.

"Nimenyamaza, mama," mwanangu alinong'ona.

Nililia mpaka akaanza kunifuta yeye.

Asubuhi nilimpelekea ule mtandio jirani yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili. Ni mtu wa utani. Siku zote huniambia mimi nauza kelele na yeye anauza nguo, na siku ya baridi tutaona nani atavaa kelele. Siku hiyo aliugeuza mtandio, akatazama pindo jeupe, na utani ukamwisha. Akaniuliza nimeutoa wapi. Sikumjibu. Akaenda kufunga mlango.

Aliniambia pindo lile alilishona kwa mkono wake, wiki iliyopita. Mtandio ulikuwa wa bibi mmoja aliyekuwa anaishi nyuma ya tangi la maji. Alikufa, hakuwa na ndugu, wanawake wa mtaa wakachanga kitambaa.

"Tulimfunika nao," fundi alisema. "Niliuona ukiingia chini."

Nikamuuliza bibi huyo alikuwa mtu wa namna gani. Akasema hakuna aliyejua sana, maana hakuwahi kutamka neno tangu kuzaliwa. Alikuwa bubu. Lakini watoto walimpenda. Alikuwa anakaa kizingitini jioni, na kila mtoto aliyepita na kamba za viatu zimefunguka alimfunga. Mafundo mawili mawili. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba bibi alikuwa anapenda kusimama nje ya studio yangu nikiwa na waimbaji. Anaweka kiganja ukutani. Miaka yote hiyo, na mimi niliye upande wa ndani wa ukuta huo sikuwahi kutoka kumkaribisha kiti.

Mtandio tuliufukia sisi wawili, pale pale kaburini. Udongo ulikuwa laini. Fundi alisema ni kwa sababu ni kaburi jipya.

Nimeendelea na kazi. Nitafanya nini, na ndicho ninachojua? Narekodi matangazo, narekodi kwaya, nawachekesha wateja. Lakini usiku huwa nafikiri juu ya kile nilichompa. Mtu aliyeishi na kimya kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho alinyoosha mikono miwili, nami nikamwekea humo kimya kingine, tena chake mwenyewe, kisha akaniambia ahsante. Ningempa nini? Sauti ya mwanangu nisingempa. Hata leo akirudi nisingempa. Ila najua sasa ameshaifungua ile flashi.

Maana KIMYA ninachorekodi siku hizi si kile cha zamani. Chumba kitupu, mlango umefungwa, nusu dakika. Karibu na mwisho kuna kitu kidogo. Wateja hawakisikii. Ni pumzi inayovutwa, ndefu, kama ya mtu anayetaka kuanza kuimba…

Na haanzi.

Jana jioni niliingia ndani na mablanketi, nikamkuta Kasuku ameketi kizingitini peke yake, ametulia, miguu ameinyoosha mbele. Mchana kutwa alikuwa anakokota kamba za viatu. Sasa zilikuwa zimefungwa. Fundo, na fundo juu yake. Nilipitisha kidole chini. Hazikumbana.

Nilimuuliza nani amemfunga viatu.

Mwanangu, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa la kusema, alinitazama tu.