Mahindi ya Mwisho ya Daoquan

Kila asubuhi Tian Cuilian alipanda darini, akachota mahindi, akayasaga na kumpelekea nguruwe wake jike. Mumewe, Daoquan, aliyavuna mahindi hayo kwenye mvua, huku kifua kikimbana. Hakuuona mwaka mpya.

Nguruwe alikula vizuri, lakini kila alipopandishwa hakushika mimba. Daolin, mdogo wa marehemu Daoquan, alimcheka Cuilian.

"Shemeji, huyo anakula kama mgeni asiyejua kuaga. Mpeleke buchani!"

"Mwache. Kaka yako ndiye aliyemlea."

Hata hivyo, alimwita Suzhen, daktari wa mifugo wa pale kijijini. Suzhen alimpima nguruwe, kisha akachota mahindi kiganjani. Yalikuwa na vumbi la kijani na la waridi.

"Shangazi, haya yameota ukungu. Ukungu una sumu."

"Mbona nguruwe haumwi?"

"Sumu hii huharibu mayai yake. Naye ana mayai tumboni, madogo kuliko chembe ya mchanga. Ndani ya kila yai mna jeni, yaani maagizo ya kuumba mtoto. Kila agizo lina wakati wake wa kufanya kazi. Sumu ikiingia, mengine hunyamaza, mengine hufanya kazi ovyo. Yai halikomai sawasawa, na mimba haishiki."

"Nikiyaosha?"

"Sumu haitoki kwa kuosha, wala kwa kupika. Yachome moto yote."

Cuilian akakaa chini, pu!

"Mwanangu, haya ndiyo mahindi ya mwisho aliyoyashika kwa mikono yake."

Suzhen aliketi kando yake, akamshika mkono. Baadaye walishusha vikapu vya mahindi pamoja. Cuilian aliwasha moto mwenyewe, akasimama hapo mpaka likabaki jivu.

Tangu siku hiyo alimlisha nguruwe nafaka safi. Mavuno yalipofika, aliyaanika mahindi mapya juani mpaka punje ikawa inalia kah! mdomoni. Ndipo akayaweka juu ya mbao, mahali penye hewa.

Miezi ikapita, nguruwe akapandishwa, akashika mimba. Alizaa watoto wengi, wanene, wakagombea maziwa kwa kelele. Cuilian alipiga magoti kwenye majani makavu, akalia.

"Shemeji, neema imeingia zizini, nawe unalia?" Daolin aliuliza.

"Nimegeuka nimwite kaka yako aje aone," alisema Cuilian. "Nikakumbuka."

Daolin alivua kofia. Hakuwa na mzaha tena.