Kizingiti cha Ndani

Jiwe lilijibu kabla halijagongwa.

Shihada alikuwa mwashi tangu ndevu zake hazijaota, na kazi ya mwashi wa ngome kongwe ni kugonga na kusikiliza: gonga mara tatu, tega sikio, jiwe zima hulia kama kengele, jiwe bovu hukohoa. Asubuhi ile, ndani ya ujia wa giza wa ngome ya Ruweis, alinyanyua nyundo, na kabla mkono haujashuka akasikia upande wa pili wa ukuta: ko, ko, ko.

"Umesikia?" alimnong'oneza ndugu yake.

"Nimesikia tumbo langu," akasema Fawwaz, aliyezoea kumwita kaka yake kwa jina la mwanawe. "Abu Mutib, gonga tukanywe chai."

Fawwaz alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mtu ambaye hata msibani hutafutiwa kazi mbali na wafiwa, asije akawachekesha. Shihada hakucheka. Alijua kosa lilipoanzia: kwenye kibali.

Kwa watu wa milima ya Ajlun, huanzi ujenzi bila kumwaga damu ya kondoo kizingitini. Mahali pana wenyewe kabla yako, na mgeni hubisha hodi. Idara ya mambo ya kale ililijadili jambo hilo miezi minne. Barua ya kwanza ilisema damu hudhuru mawe ya kale. Ya pili iliuliza kondoo ni dume au jike. Ya tatu iliruhusu, kwa sharti achinjwe "Lango Kuu", palipo na kibao.

Sasa, ngome ile ina malango mawili. Amiri wa kwanza, zama za vita vya msalaba, alisimamisha minara minne juu ya kilima, akachonga handaki mwambani, akaelekeza lango lake bonde la Yordani. Miaka thelathini baadaye amiri mwingine aliona haitoshi, akaongeza mnara, ua na lango jipya mbele, ndilo Lango Kuu la leo. Lile la kwanza likabaki ndani kama jino lililoota nyuma ya jino, kisha likazibwa kwa mawe, na hakuna aliyeandika kwa nini. Ndilo walilotumwa kulizibua, lipimwe, lizibwe tena kabla ya Alhamisi.

"Tumechinja mlangoni kwa jirani," Shihada alimwambia mhandisi wa idara, Thurayya.

"Kibali kinasema Lango Kuu, Abu Mutib. Kukibadilisha ni kazi ya kamati, na kamati hukaa Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Ya baada ya mvua."

Jumapili walitoa mawe sita. Ikatoka harufu ya sufu iliyolowa, na chini yake kitu kama damu iliyolala. Fawwaz, kwa wembamba wake, akajipenyeza na taa yake ya kichwani, akiimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Shihada akaita, akaita tena, na alipokuwa akivuta pumzi ya kuita mara ya tatu Fawwaz akatoka, vumbi tupu, taa imezimika.

"Hakuna kitu," akasema. Siku nzima hakusema lingine, na chai aliikataa.

Kesho yake ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaujaza ujia mchana kweupe, na Shihada alikuwa ameinamia tundu, mwiko mkononi, Fawwaz amesimama nyuma yake, sauti ilipotoka mle ndani, dhaifu, ya mtu aliyeita mpaka koo likakauka, ikasema, "Abu Mutib. Ndugu yangu. Nipe mkono, taa imezimika," na ilikuwa sauti ya Fawwaz.

Akageuka. Fawwaz alikuwa palepale, anamtazama.

"Usijibu," alinong'ona. "Majini huiga sauti. Baba si alitufunza? Ziba."

Ni kweli, baba yao aliwafunza hivyo. Shihada akaitafuta Ayatul Kursi, ulimi haukumpa, basi akaziba, jiwe la kwanza, jiwe la pili, huku analia, na sauti ile ikimtaja mama yao kwa jina, ikimkumbusha mbwa wao wa utotoni, ikimsihi, ikimtukana, ikimsihi tena, mpaka jiwe la sita likakaa na chokaa ikameza kila kitu. Mhandisi Thurayya akaja, akapiga picha, akamsifu kwa kumaliza mapema.

Jumanne alfajiri mke wa Fawwaz alikuja kwa Shihada.

"Shemeji, mwenzangu leo usiku wa pili analala nje, mlangoni. Anasema ndani kuna joto. Shemeji, tuko kipupwe."

Nyumba ile Shihada aliijenga mwenyewe, na kondoo wa ujenzi walimchinja kizingitini; asiye mtu hakivuki bila kukaribishwa. Akaenda kwa Hajja Fidda, bibi anayesomea wagonjwa maji.

"Mmemtandikia mtu karamu nje, naye mmemfungia ndani," alisema bibi. "Mchinjieni kizingitini kwake, leo, jua halijazama. Kibali nawapa mimi."

Alasiri Shihada akampandisha ngomeni kondoo mweupe wa Fawwaz, yatima aliyelelewa kwa chupa ya maziwa, aliyezoea kumfuata bwana wake mpaka mlango wa choo. Fawwaz alikuwa akiwasubiri uani.

"Mshike," Shihada akamwambia.

Kondoo aliuona mkono wa Fawwaz ukimjia, akapiga ukelele, akakata kamba. Hakukimbilia nje. Aliingia ujiani, akajilaza kwenye ukuta mpya, pua juu ya chokaa mbichi, akalia kile kilio chake cha kudai chupa.

Upande wa pili: ko, ko, ko.

Shihada akavunja. Mawe sita yalianguka kama jibini. Nyuma ya mawe hayo hapakuwa na tundu. Palikuwa na mawe makubwa ya amiri wa kwanza, yameshikana hata wembe haupiti, yameota kuvu ya miaka mia nane.

"Nakwenda nyumbani, Abu Mutib," ilisema sauti nyuma yake, kwa upole. "Watoto wananisubiri."

Alipogeuka, hapakuwa na mtu ujiani.

Ripoti ya idara inasema Fawwaz ameacha kazi bila taarifa. Nyumbani kwake, kila magharibi, mtu hubisha hodi kwa sauti ya baba, na watoto wamefunzwa wasiseme "karibu". Na kila Ijumaa Shihada hupanda ngomeni, hugonga mara tatu, hutega sikio. Jiwe hujibu mara tatu.

Ijumaa iliyopita lilijibu mara mbili.