Soksi za Bibi Rayna

Jumamosi asubuhi Zlatka alichungulia kompyuta ya dada yake, Nevena, aliyesomea udaktari mjini na kuja nyumbani wikendi. Palikuwa na picha, iliyopigwa kliniki, ya mguu wenye kidonda, na kando yake soksi nyekundu yenye jogoo wa kijani. Kijijini kwao kila mwanamke alifuma soksi kwa nakshi yake, na jogoo alikuwa wa Bibi Rayna peke yake.

Mama alipomtuma mkate, Zlatka alimkuta bibi huyo kwenye foleni.

"Pole na kidonda, Bibi! Nimekiona kwenye picha za dada."

Foleni nzima iligeuka. "Kidonda gani tena, Rayna?" mwuza mkate aliuliza. Maskini, Bibi Rayna, kinara wa ngoma za kijiji, hakuwa amemwambia mtu. Aliondoka bila mkate.

"Kliniki sirudi ng'o!" alisema.

Nevena aliposikia, alishika kichwa. Kidonda kile cha kisukari kisipotibiwa, bibi angeweza kukatwa mguu.

"Wewe na mdomo wako!" alifoka.

"Na wewe picha umeiacha wazi!" Zlatka alijibu huku akilia.

"Sikuweka uso wala jina."

"Soksi je? Nani hapa hazijui?"

Nevena aliifungua tena ile picha. Kisha akaikata ile soksi kwenye picha, akaifunga kompyuta kwa neno la siri, akamshika mdogo wake mkono.

Bibi Rayna aliwafungulia mlango nusu.

"Nilikubali wanafunzi wajifunze," alisema kwa uchungu. "Sikukubali foleni ya mkate ijifunze!"

"Kosa ni langu, Bibi," Nevena alisema. "Ukitaka, picha naifuta sasa hivi."

"Na mimi nilibwabwaja. Nisamehe, Bibi," Zlatka alisema.

Bibi akafungua mlango wote.

"Usiifute, iwasaidie kutibu na wengine. Ila sikilizeni, wanangu. Mgonjwa akikuonyesha kidonda, amekupa amana. Itunze hata pale anaposahau mwenyewe kuificha. Haya, nipeni koti, twende kliniki."

Jumatatu mwuza mkate aliinama juu ya meza yake. "Eti Zlatka, mguu wa Rayna unaendeleaje?"

"Mikate miwili, tafadhali," Zlatka alijibu.

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa Bibi Rayna, miguuni amevaa soksi zake za jogoo.