Vijiko Vitatu vya Koko Agathe

Ijumaa hiyo, saa tano na dakika kumi za asubuhi, Eulalie aliingia chumbani kwa Koko Agathe kuchukua mashuka machafu. Alikuta mkono wa bibi unaning'inia nje ya kitanda kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alimwita. Alimpigapiga shavu. Alimfunua jicho kwa kidole, na jicho likamtazama bila kumwona. Pumzi ilikuwepo, ila ilichelewa, ikakaa, ikaja nyingine, na Eulalie alisimama pale akizingoja moja moja.

Shuka lilikuwa limelowa mkojo mpaka godoro. Hilo aliliona, akaliweka moyoni, akaenda kumwita Masera.

Bethania ilikuwa nyumba ya wazee kwenye mteremko wa Ibanda, na wazee tisa waliobaki bila mtu. Eulalie alikuwa mjane, na mwaka wa kumi na moja huu alikuwa anafua hapo. Shule aliiachia mwaka wa tano, lakini mashuka alijua kuyasoma: nani hakulala, nani ameanza kidonda mgongoni, nani alilia. Alipokuwa anasugua alisali rozari, na mara nyingi alipofika fumbo la tatu alikuwa amekwisha kujua habari za nyumba nzima.

Masera Aimée, mtawa mkubwa wa nyumba, alimpeleka mgonjwa hospitali kwa gari saa tano na nusu. Haikufika saa sita akapiga simu. Waganga wa hospitali walitaka kujua bibi amemeza nini, maana bila kujua hawawezi kuchagua dawa ya kukizuia, na pumzi inazidi kupungua. Alimwambia Eulalie atafute kila alichokula bibi, kuanzia chakula mpaka maji, na aanze na chupa ya juisi aliyoleta mpwa wake Aloys jana kutoka Kamituga.

Lakini neno lilishatoka nje ya ukuta kabla ya simu. Neno lenyewe lilikuwa sumu, na jina lililotembea nalo lilikuwa la Bintu, mpishi. Bintu alikuwa na mke mwenzake, Fabiola, aliyekaa avenue ya juu, na kwa miaka miwili Fabiola alikuwa anawaambia watu bombani kwamba Bintu anajua kutega sumu. Saa sita watu kama thelathini walikuwa langoni. Hawakupiga kelele, na ndicho kilichomtia Eulalie baridi. Kijana mmoja alikuja anasukuma tairi kuukuu, la kumvisha mtu shingoni na kumchoma, akaliegemeza ukutani, akakaa juu yake kama mtu aliyefika mapema kwenye misa.

Papa Jean-Claude, chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa, aliongea na Eulalie kwenye upenyo wa lango. Alisema polisi ameshawaita, wako mbali.

"Hawa bantu nitawashika mpaka saa saba, Maman. Kiisha hapo siwezi."

Eulalie alianza na chupa. Aliikuta chini ya kitanda, kifuniko hakijavunjwa. Alikumbuka. Jana Koko Agathe alimwambia mpwa wake aonje kwanza, kama desturi ya kwao Mudaka, na Aloys akakasirika, akasema yeye si mulozi, si mchawi, akaondoka. Bibi huyo hakunywa hata maji kama aliyeyaleta hajaonja mbele yake. Vijiko vitatu. Alihesabu mwenyewe.

Juu ya meza ndogo palikuwa na kikombe chake cha uji wa saa nne. Uji wa vidole viwili ulibaki chini. Eulalie alikifunika kwa sahani, akakibeba chini ya kitenge.

Jikoni, Bintu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti. Watoto wake wanne walikuwa shuleni, na alichouliza kwanza ni nani atakwenda kuwachukua. Eulalie alimwambia ajibu tu. Uji alipika saa ngapi? Saa tatu. Nani alikula? Wazee wote tisa, chungu kimoja. Na yeye?

"Nilionja mu chungu, kiisha nikakwangua yote yenye ilibaki. Unajua mi napenda ile ya chini." Alimtazama Eulalie. "Maman, na wewe unaniuliza kama bale ba pale nje?"

"Nakuuliza juu ya bale ba pale nje. Usingizi ulikushika?"

"Usingizi gani? Tangu saa tatu niko nasimama."

Eulalie alimwambia abane mlango kwa ndani.

Mlinzi Donatien alikuwa nyuma ya lango, ananawa uso kwa mara ya ngapi sijui, macho mekundu, ulimi mzito. Saa tano kasoro dakika ishirini muuza mkaa aliingia mwenyewe, akamkuta amelala kinywa wazi. Muuguzi Colette alishasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba mlinzi amelewa. Eulalie alimsogelea karibu sana, kama mama anayemkagua mtoto. Hakusikia harufu ya pombe ya kasiksi wala ya kitu chochote, ila sabuni.

"Maman, usinisemee kwa Masera," alisema Donatien. "Alishaniandikia barua moja ya kulala kazini. Ya pili wananifukuza."

"Ile ya kwanza ilikuwa siku gani?"

"Mardi."

"Na leo vendredi. Siku zingine unalalaka?"

Donatien alifikiri. Hapana. Jumanne na ijumaa tu. Alidhani ni malaria inayomrudia kwa zamu.

"Mardi na vendredi unafanyaka nini chenye hufanyi siku zingine?"

Alijibu bila kuona ajabu yoyote. Siku hizo ni zamu ya Madame Colette. Colette husaga kidonge cha presha cha Koko, hukitia kwenye uji, halafu humwita yeye abebe kikombe, maana Colette hana wakati wa kuonja uji wa watu. "Mi naonja, Koko anahesabu. Leo aliniambia nimeiba, kijiko cha pili kilikuwa kidogo, akanirudisha nyuma. Bibi ule ni doane ya mpakani kabisa."

Eulalie hakucheka. Alisimama hapo, kidole kwenye punje ya rozari ndani ya mfuko, na mashuka ya miezi miwili yakapita mbele ya macho yake. Koko Agathe alikuwa anatembea kwa fimbo yake mpaka choo, usiku na mchana, na shuka lake lilikuwa kavu kama la bibi harusi. Kavu jumatatu, kavu jumatano. Limelowa jumanne. Limelowa ijumaa. Yeye, Eulalie, alilifua na kulianika, akasema ni uzee. Aliomba msamaha kwa Mungu kimya kimya, hapo hapo, kisha akaenda.

Bintu alionja chungu, akakikwangua, na hakulala. Donatien alikula vijiko vitatu vya kikombe kimoja na akaanguka. Kati ya jiko na kitanda, kikombe hicho kilipita kwenye meza moja.

Saa saba kasoro kumi. Colette alikuwa chumba cha dawa, anafunga mkoba wake. Ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma ulikuwa juu ya meza. Kutoka barabarani mtu alianza kupiga lango kwa jiwe, polepole, kama saa.

"Zamu yako inaisha saa kumi, Madame," alisema Eulalie.

"Nani atabaki humu na bale bantu pale nje? Wampate ule mulozi wao, tupumzike."

"Leo uliweka nini mu kikombe ya Koko?"

"Kidonge cha presha. Iko imeandikwa." Colette aligeuza kitabu cha zamu. Kila jumanne na kila ijumaa, kwa mwandiko mzuri, neno moja juu ya Koko: mtulivu. "Wewe unafua, Maman. Mambo ya dawa utaniachia."

"Ndiyo. Mi nafua." Eulalie alimweleza alichofua, siku kwa siku. Alimweleza usingizi wa Donatien. Hakupandisha sauti. Kisha alitoa kikombe chini ya kitenge, akakiweka mezani, akafunua sahani, akaweka kijiko.

"Kama ni presha tu, onja. Vijiko vitatu. Nitahesabu, kiisha nitakufungulia mwenyewe ule mlango."

Colette alitazama kikombe. Uji ulikuwa umeganda, na juu yake palikuwa na vumbi jeupe ambalo halikuyeyuka. Alishika kijiko. Alikichovya. Kilifika karibu na mdomo, kikarudi.

"Hata moja bado," alisema Eulalie.

Jiwe lilipiga lango.

"Ni ya usingizi," alisema Colette. Alitoa boksi nyuma ya pamba, akalisukuma mezani. "Kila zamu nilikuwa natia viwili. Leo vinne."

Eulalie alimpa simu. Colette alisoma jina la dawa, herufi kwa herufi, na Masera akalirudia kwa waganga upande wa pili. Ilikuwa saa saba kamili.

"Juu ya nini, binti yangu?" aliuliza Eulalie.

Colette alikaa. Zilikuwa kelele za saa tisa za mchana, alisema. Kila saa tisa Koko Agathe aliwaita watoto wake watatu waliouawa Mudaka, kwa majina, mmoja mmoja, kama anawaita waje kula. Saa nzima. Wazee wengine walianza kulia naye. Na yeye Colette alikuwa amezika mtoto wake mwaka jana, wakati wa risasi, na wiki ya pili akarudi kazini, hakuna aliyemuuliza kitu. Wiki hii Koko alizidisha. Alitaka saa tisa moja tu ipite bila jina.

"Hilo nalisikia," alisema Eulalie. "Ungeniambia, ningelia na wewe. Lakini tangu saa sita tairi iko pale ukutani, na wewe uko unajua, na ulikuwa unafunga mkoba."

Eulalie alichukua ufunguo wa mlango mdogo, akazitoa dawa zote nje, akamfungia Colette humo.

Langoni, watu wawili walishapanda ukuta. Eulalie hakuwahutubia. Alimtanguliza Donatien, ambaye wote walimfahamu, na Donatien akasema: mimi nilikula uji wa Koko leo, nililala kama yeye, mpishi alikula chungu na hakulala, haya, nani mulozi hapo? Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Papa Jean-Claude akashika cheko hilo, akaanza kuwashusha waliopanda. Saa saba na nusu simu ya Masera ikalia, na Eulalie akaweka sauti nje wote wasikie: Koko amefungua macho, anagombana na muuguzi wa huko kwa sababu ya maji.

"Kama si Bintu, ni nani?" aliuliza Fabiola.

"Jina liko. Polisi watalipata. Wewe hutalipata."

Watu waliondoka wawili wawili. Kijana aliondoka na tairi lake, hakuliacha.

Eulalie aliporudi, Colette alikuwa amesikia yote kwa dirisha. Aliuliza kwa nini hakumtaja.

"Sikumuvua Bintu tairi ili nikuvalishe wewe," alisema Eulalie. "Lakini polisi wakifika, utatoka na mlango mukubwa, na utasema yote, na ile ya mukoba pia."

Polisi walifika saa tisa. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho hakuna aliyekipenda.

Koko Agathe alirudi jumanne. Masera alishaagiza kwamba kila saa tisa mtu akae naye, awasikie watoto wake, na Eulalie ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Lakini kwanza, saa nne, Bintu alileta uji mwenyewe, kutoka chunguni mpaka kitandani bila kusimama popote. Alionja kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Bibi alikitazama kikombe, akamtazama Bintu machoni muda mrefu, kama anangoja yafumbe.

"Tena," alisema.

Bintu alivuta kiti, akaanza upya, akihesabu kwa sauti.