Ya Mwisho Ngapi?

King'ora cha nyumba ya fundi kililia saa tisa na dakika kumi alasiri, jua likiwa bado kali na mtaa mzima ukiwa macho. Mwenyewe alikuwa juu ya ngazi kwa mteja, anavuta waya wa king'ora kingine, simu ilipotetemeka mfukoni na kumwambia kuna mtu anatembea ukumbini kwake. Aliteremka na kuondoka bila kuaga.

Alimkuta mkewe kwenye cherehani, anashona kama kawaida, kelele zikipasua masikio juu ya kichwa chake.

"Mke wangu, husikii?"

"Nasikia. Kizime basi, kitamtisha."

Alikizima. Kitamtisha nani, hakuuliza. Akajipa kazi ya kutafuta hitilafu, maana fundi akiogopa hushika bisibisi. Labda buibui amejenga kwenye sensa, kile kijicho cha king'ora kinachoona anayepita, labda pazia limepeperuka, labda betri imechoka. Wateja wake aliwaambia kila siku: king'ora si askari, hakimzuii mtu, kinasema tu kwamba yumo, na mara nyingine kinasema uongo. Lakini buibui hakuwepo. Dirisha lilikuwa limefungwa, na betri aliiweka mwenyewe wiki iliyopita.

"Si buibui," mkewe akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Amerefuka tu."

Fundi akairudisha bisibisi mfukoni.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita, wakimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Usiku alizoea kuamka na kuhamia kitandani kwa wazazi, na kila akikatiza ukumbi king'ora kiliamsha majirani, mpaka wakamtania fundi kwamba amefuga jogoo wa umeme. Ndipo akazirekebisha sensa kama anavyowafanyia wateja wenye mbwa: zisione chochote kilicho chini ya kitasa cha mlango. Chiriku akawa huru nyumbani kwao. Akapewa na namba zake nne za siri za kibao cha vitufe kinachofungua mlango. Fundi alipanga kazi zake ili saa tisa awe amerudi, kwa sababu mtoto akitoka shule alibonyeza namba tatu, akasahau ya nne, akapaza sauti: "Baba, ya mwisho ngapi?"

Homa ilimchukua kwa siku nne. Haikupitia mlangoni wala dirishani, na hakuna sensa iliyoiona. Miezi minane ilipita na fundi hakuzirudisha sensa zile zilivyokuwa. Angezirudishaje? Ingekuwa kama kusema kwamba hakuna tena wa kupita huko chini.

"Amerefuka nani?" hatimaye akauliza.

Mkewe akafungua kabati. Mlikuwa na magauni matano ya shule, mapya. La kwanza lilikuwa la kimo cha Chiriku. La pili lilizidi kidogo, la tatu likazidi zaidi, na la tano lingemtosha msichana wa miaka kumi na mitatu. Mkono ulioyashika ulikuwa umebaki mfupa mtupu, na fundi akaona aibu kwamba alikuwa halali wala hali kwa huzuni yake mwenyewe, asione ya mwenzake.

Kesho yake hakwenda kazini. Saa tisa na dakika kumi ikaja harufu ya chaki na sweta lililonyeshewa, ingawa mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima, kisha nyayo za miguu mitupu zikatoka chumba cha mtoto, taratibu, zikapita ukumbini zikiwa zimeinama ili sensa zisizione, ndiyo, zimeinama, kwa maana pumzi ilisikika chini karibu na sakafu na mgongo ulikuwa ukikwaruza ukuta juu yake, zikampita fundi zikimwachia baridi hadi kwenye meno, zikasimama penye cherehani, na mkewe akainamisha shavu lake hewani, akatabasamu, na shavu likabonyea.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mmoja mkali, asiyependa maneno mengi. Alinusa nyumba, akamtazama mke wa fundi kwa muda mrefu.

"Mtoto aliyekufa harefuki," akasema. "Anayerefuka anakula. Hilo ni jini, baba, na linakula hapo kwenye cherehani. Umeliachia njia isiyoonekana. Ifunge. Na kila alichoachiwa mtoto cha kufungulia mlango, kifute. Likitoka litasimama nje na kuomba. Msilijibu hata neno moja. Likiingia tena, mama huyu hatauona mwezi ujao."

Alifukiza ubani, akasoma. Fundi akazirekebisha sensa zione mpaka sakafuni. King'ora kikalia cha ukumbini, kikalia cha sebuleni, kikalia cha mlangoni, kikifuata kitu kinachokimbia, kisha mlango ukajibamiza na nyumba ikanyamaza.

"Umemzika mara ya pili," mkewe akasema, akalia kama siku ya msiba.

Lakini usiku ule alilala. Siku ya tatu alimaliza bakuli zima la uji, na fundi akamtazama akila huku machozi yakimtoka kwa shukrani. Namba za Chiriku hakuwa amezifuta. Mara mbili alifungua kibao, mara mbili akakifunga.

Siku ya nne, saa tisa na dakika kumi, mkewe akiwa anakula tena, kibao kikalia mlangoni. Mlio wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kimya.

"Baba," sauti ikasema nje, ndogo, ina mafua kidogo kama asubuhi ile homa ilipoanza. "Ya mwisho ngapi?"

Mkewe akaweka kijiko chini. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamtazama mumewe na kutikisa kichwa, hapana, hapana.

"Baba, huku nje nasikia baridi."

Fundi aliwahi kuwafungia milango watu mia na zaidi. Alijua kilichokuwa nje, na alijua kitamla nani.

"Saba," akasema. "Ni saba, mwanangu."