Aliyelala Usingizi wa Mama

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, saa ya kuona wagonjwa, pale kaka mkubwa alipoingia na ngazi begani kama mtu aliyekuja kupaka rangi.

Mama alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi tangu utumbo wake ulipopasuka na usaha kusambaa tumboni. Chumba kilikuwa na vitanda viwili: cha mama, na kingine kitupu mkabala nacho, shuka zake zimenyooshwa bila kunyanzi hata moja. Dirisha lilizibwa zamani kwa mbao ili kiyoyozi kifanye kazi. Kila jioni manesi walizima taa kubwa wakabakisha ile ndogo ya mlangoni, na hilo ndilo lililomkera kaka. Alisema gizani nesi husinzia, na nesi akisinzia mgonjwa hufa. Yeye ni fundi umeme, nyaya zote za hospitali ile zilipita mikononi mwake, hakuna aliyemzuia. Akafunga taa ya mrija juu ya kitanda cha mama, nyeupe, ya kuchoma macho. Swichi hakuweka.

"Sasa tuone nani ataizima," alisema, akijipangusa mikono kwenye suruali.

Mama alicheka kidogo akamwambia kwamba amemfanya kuku wa kisasa, asubiri mayai. Binti wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, naye alicheka. Yeye ndiye aliyeshika ngazi.

Baada ya hapo mama hakulala tena. Alifumba macho tu, kope zikicheza. Homa iliyokuwa ikifuata mwendo wake ikawa haina mpango, inapanda na kushuka inavyotaka. Moyo ulikwenda mbio hata alipokuwa ametulia. Aliomba uji wa asubuhi jioni, wakati watu wanatoka kazini.

Daktari alimkalisha Kitinda koridoni akamweleza polepole. Mwili una saa yake ndani, alisema, na saa hiyo hujipanga kwa mwanga na giza. Giza likiingia, joto hushuka, moyo hupunguza mwendo, kinga hupata zamu yake ya kazi. Mgonjwa aliyenyimwa usiku mwili wake haujui lini upigane na lini upumzike, na mwisho akili huanza kuweweseka. Akataka taa ile iondolewe. Kaka alipoambiwa, alijibu kwamba hajawahi kusikia mtu aliyeuawa na mwanga. Na kwa kuwa jenereta la hospitali lilimsikiliza yeye peke yake, wakubwa wa hospitali wakaiacha taa.

Mchana mmoja mama alimvuta Kitinda mkono.

"Yule nani?"

"Kitanda hakina mtu, mama."

"Amelala. Tazama anavyolala vizuri." Mama alimeza mate. "Ule usingizi ni wangu."

Kitinda alitazama. Shuka zilikuwa bapa. Mto tu ndio uliobonyea katikati. Alifikiri labda nesi aliegemea pale kidogo, akaenda kuupapasa urudi sawa. Ulikuwa na joto.

Aliwaambia manesi. Walitandua, wakatandika upya, mmoja wao akatania kwamba kwa mishahara yao hata mzimu ana haki ya kupumzika. Kesho yake mto ulibonyea tena. Siku iliyofuata shuka ilikuwa inapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu asiye na shida yoyote duniani. Mama alizidi kukonda, macho yakizama. Kadiri alivyokesha, ndivyo upande wa pili ulivyozama usingizini. Kisha ukaanza kukoroma.

Kitinda aliufahamu ule mkoromo. Alikua akiusikia ng'ambo ya ukuta wa chumba chake. Wa mama.

Alimpigia kaka simu, akimbembeleza aje atoe taa.

"Unataka mama afie gizani?"

"Nataka alale, kaka."

"Ukiigusa taa yangu, akifa umemuua wewe." Akakata.

Kitinda alisimama pale na simu mkononi mpaka nesi akamwuliza kama anajisikia vibaya. Alisubiri nesi atoke. Akazima ile taa kubwa na ile ya mlangoni. Akavuta kiti, akapanda, akaufunika mrija kwa ukingo wa kitenge asiungue, akauzungusha.

Giza. Zikabaki namba za kijani za mashine.

"Bado," mama alinong'ona. "Mwache kwanza yule aende."

"Lala, mama. Lala tu."

Mama alishusha pumzi ndefu. Akalala. Kitinda alisikia kabisa alivyolala.

Upande wa pili mkoromo ulikatika.

Kitanda kililia. Nyayo tupu zikagusa vigae. Moja. Nyingine. Hazikwenda mlangoni. Zilikuja huku, zikasimama karibu naye, na kitu kikainama juu ya mama. Namba za kijani zikashuka, zikatulia, nzuri kabisa.

Jioni mama aliamka. Homa imekwisha, macho maangavu. Aliomba chakula akala chote. Daktari alitabasamu, akasema hakuna dawa inayoshinda usiku mmoja wa kweli, hata ukiwa wa mchana. Kaka alikuja, akalia kama mtoto, halafu akawaambia manesi kwamba ni taa yake iliyomshikilia mama muda wote ule. Mama aliwatazama wote kwa zamu, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba nzuri.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana kwa kunipisha."

Kaka alidhani anatania. Kitinda aligeuka akakitazama kile kitanda cha pili.

Asubuhi iliyofuata walimhamishia wodi ya kawaida. Kaka alisukuma kitanda mwenyewe, akiimba. Kabla ya hapo alikuwa ameirudisha taa, safari hii akaifunga juu ya kile kitanda kitupu, eti mgonjwa ajaye naye anufaike. Kitinda hakuwafuata. Alipobaki peke yake alikisogelea kile kitanda kitupu. Shuka zilikuwa zinahangaika, zikivutwa huku na huku, kama za mtu anayejigeuza usiku kucha bila kupata usingizi. Foronya ilikuwa na madoa mawili ya maji, usawa wa macho. Yalikuwa bado yanapanuka.

Alipanda kiti, akaung'oa mrija, akauvunja kwenye sinki la kunawia mikono. Akafunga mlango, akazima taa zote. Kisha akapiga magoti kwenye vigae, akashika ncha ya shuka, na kwa sauti ya chini akaanza kumbembeleza mama yake alale.