Kitako Kilichoota Ndevu

Mume wangu alirudi jioni na bunduki begani na kidonda shavuni. Kabla hajavua viatu nikajua vitu hivyo viwili vinajuana. Kidonda kilikuwa palepale anapoegemeza kitako cha bunduki akilenga. Bunduki yenyewe alikabidhiwa ghalani anakolinda, baada ya mlinzi mwenzake kufariki.

"Nani alikipaka kitako hiki mafuta ya kupikia?" nikauliza. Mimi ni fundi wa kung'arisha samani, pua yangu haidanganyiki. Walinzi wana ugonjwa huo. Mti wa bunduki ukikauka wanaupaka mafuta ya jikoni, nayo hayakauki, yanaozea ndani.

"Labda marehemu," akanong'ona.

"Toa risasi. Nikuokolee uso."

Nilikifungua kitako, nikakilaza mezani. Kilikuwa kinanata, na pale pa shavu pamebonyea. Mti uliobonyea huukwangui. Unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya moto, mvuke unaingia, mti unavimba na kurudi mahali pake.

Tsss...

Ikapanda harufu ya kwapa. Kwapa na shahamu iliyochacha. Ikanikaa ulimini.

Nikainua kitambaa. Pale pa shavu pamejaa vizuri. Palikuwa laini, pana joto... na pameota vinyweleo.

Sikushtuka. Mti ukilowa huinua nyuzi zake, nawe unazipiga msasa. Nikapiga. Unga haukutoka. Kilitoka kitu cha kijivu, kibichi, kama ngozi mfu ya kisigino, kikajaa chini ya kucha zangu. Nikazisogeza zile nyuzi kwenye taa. Nyeusi. Moja ina mvi.

Ndevu.

Nilikimbilia ndoo, nikatapika mpaka nyongo. "Baba watoto, kitupe hiki kinyaa!"

"Endelea..." Alikuwa amejishika shavu, amefumba macho. "Kinapoa. Naapa kidonda kinapoa."

Wanasema ukipenda boga upende na ua lake. Hakuna aliyeniambia nipende na ndevu za marehemu. Nikasugua huku natema mate, mpaka pakawa laini. Nikapaka mafuta ya kitani, yale yanayokauka. Kitako kikayanyonya, na nilisikia kikimeza.

Mume wangu akaondoa mkono. Kidonda hakipo! Nikacheka kwa furaha, nikamshika shavu nimbusu.

Baridi. Gumu. Nikaligonga kwa ukucha.

Ko, ko.

Nyuzi za mti zilikuwa zimepita shavuni mwake, kutoka tayani hadi sikioni.

Asubuhi nilikwenda kwa mjane wa yule mlinzi. Hakunikaribisha. Aliongea kwenye upenyo wa mlango.

"Shikamoo, mama. Mume wangu..."

"Marahaba. Bado anafungua mdomo?"

"Anafungua."

"Basi mpake mafuta kila siku, asipasuke. Na kile kitako, mwanangu, kinyoe. Ndevu zikirefuka, ugumu unashuka kooni."

"Kwani ni nini kile, mama?"

"Sijui. Mimi kinyaa kilinishinda, nikaacha kunyoa." Akafunga mlango.

Sasa ni jioni. Kitako kiko mezani, kimeanza kuchipua, kinanuka jasho la mtu. Mume wangu ameketi mbele yangu, ananisubiri, anajaribu kutabasamu kwa upande mmoja uliobaki. Nampenda mno. Wembe ninao mkononi tangu jua lizame, nimeshatapika mara mbili, na bado sijaweza kukigusa.